Sauti Nyuma ya Pazia

Wiki hii twaitaja filamu kongwe ya Marekani, Singin' in the Rain, ya mwaka 1952. Inachekesha kwa kusimulia taabu za watengenezaji wa sinema mwaka 1927, sinema bubu zilipoanza kusema. Kinasa sauti kinafichwa kichakani. Mwigizaji akigeuza kichwa, maneno yake yanapotea. Kinashonewa nguoni mwake. Yanasikika mapigo ya moyo! Na kwa kuwa sauti yake inakera, binti asiyejulikana anasema na kuimba badala yake, mpaka pazia linapofunguliwa mbele ya hadhira.

Ngoma na mavazi yake hatuyasifu. Kisa chake kina funzo. Ajabu ni kwamba Debbie Reynolds, aliyeigiza binti huyo, naye aliimbiwa na Betty Noyes, ambaye filamu haikumtaja.

Mtume (s.a.w.) alimfananisha ajigambaye kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Basi tujiulize sisi wa Likoni na Kisauni: katika walima zetu, sifa za pilau humwendea nani? Mama aliyekesha mbele ya masufuria tumtaje kwa jina, na ujira wake tumpe kabla jasho halijakauka.