Sakafu ya Mbao na Tohara Yake

Wengi katika sisi tulio miji ya mwambao twakaa katika nyumba za ghorofa za zamani, na baadhi ya vyumba vyake vya juu vimetandikwa mbao. Wazazi wa wanafunzi wetu hawaachi kutuuliza suali moja: mbao zikiingiwa na mkojo wa mtoto hutoharishwa vipi, ilhali hazifuliki kama nguo? Jambo hili lina sehemu ya dini na sehemu ya fundi, na mwenye kushika moja akaiacha ya pili hudhurika. Kwa hivyo tumeona yafaa tuzieleze zote mbili.

Sehemu ya dini si nzito. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim kuwa bedui mmoja alikojoa msikitini, na Masahaba wakamjia juu. Mtume, rehema na amani zimshukie, akawakataza wasimkatize, kisha akaamrisha ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Hakuamrisha msikiti wote uoshwe. Na wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wameeleza kuwa kwanza huondolewa najisi yenyewe, kisha hupitishwa maji safi juu ya mahali pake yakapaenea. Ama mkojo wa mtoto mwanamume asiyetimiza miaka miwili, ambaye hajala kitu ila maziwa, watosha kunyunyiziwa maji yakauenea.

Basi kwenye mbao, futa kwanza kwa kitambaa mpaka pakauke, pitisha maji kidogo juu ya pale, kisha uyakaushe kwa kitambaa kingine kisafi, si kile cha kwanza.

Lakini yafanyikayo majumbani siyo haya. Wasiwasi humshika mtu akamwaga ndoo tatu au nne chumba kizima, na maji yakaingia baina ya mbao yakakaa juu ya boriti. Twaijua nyumba moja mtaani kwetu ambayo sakafu yake ilipasuka karibu na mlango, mguu wa bibi mzee ukazama mpaka gotini. Chini yake walikuwa wamelala wajukuu wawili. Mwenyezi Mungu akawasalimisha. Fundi alipofunua, ubao ulikuwa mzima kwa juu, na upande wa chini umelainika kama mkate uliolowa.

Mbao haziozi kwa uzee, huozeshwa na kuvu. Na kuvu hawafanyi kazi mpaka unyevu uzidi kiasi cha sehemu 20 katika mia ya uzani wa mbao kavu. Mbao zikihifadhiwa kavu, na mchwa wakazuiliwa, huweza kuwarithi wajukuu.

Mwenye kutengeneza sakafu mpya na achague mvule, mninga au msaji. Misaji hupandwa Longuza katika mkoa wa Tanga na Mtibwa katika mkoa wa Morogoro. Atazame ubao uwe wa moyo wa mti, wenye rangi iliyokoza, kwa kuwa ule weupe wa pembeni ndio upendwao na wadudu. Uwe umekauka barabara, la sivyo utapinda na kuacha nyufa. Na fundi aache nafasi ya nusu inchi ukutani, kwani mbao hutanuka wakati wa masika.

Utunzaji wake ni mwepesi. Fagia kila siku, pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa, na ueke mtungi wa maji juu ya sinia. Atokaye kutawadha akaushe miguu mlangoni. Mikeka ya plastiki iinuliwe mara kwa mara, kwa kuwa hufungia unyevu chini yake. Na mwenye kupaka mafuta ya kitani asirundike vitambaa vyake, kwani huweza kuwaka vyenyewe. Avianike nje mpaka vikauke.

Ndugu zetu, chini ya sakafu yako pana mtu, naye ana haki juu yako. Tohara imewekwa ituondolee uzito, haikuwekwa ituvunjie nyumba. Na mwenye kuzidisha maji kuliko alivyoamrisha Mtume hakuzidisha ucha Mungu, bali amefanya israfu na kumhatarisha jirani yake.

Wabillahi taufiki.