Nyama ya mizani, kutoka Ginza hadi Mbesa

MBESA si mahali ambapo mtu angetarajia kukumbushwa jiji la Tokyo. Ni kata ya wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma. Anayetoka Songea husafiri zaidi ya kilomita 250 hadi Tunduru mjini, kisha huacha barabara kuu na kuingia ndani. Wengi wanaijua kwa hospitali yake ya misheni.

Hata hivyo, ulaji wa nyama choma wa huku una ndugu yake Japani. Mwaka 2013, katika eneo la Ginza jijini Tokyo, ulifunguliwa mgahawa uitwao Ikinari Steak. Wateja walikula wamesimama, ili chumba kidogo kihudumie wengi na bei ishuke. Mteja alitaja gramu anazotaka, nyama ikakatwa na kupimwa mbele yake, kisha ikaletwa ikitoa mvuke juu ya bamba la chuma. Mfanyakazi wa kawaida akaimudu nyama ya ng'ombe iliyokuwa ya wenye nazo.

Mpenzi wa nyama choma wa Tanzania hapo hana cha kujifunza. Yeye huonyesha kwa kidole kipande kinachoning'inia, husema "nipimie nusu", hukodolea macho mizani, kisha husubiri jiko la mkaa lifanye kazi yake. Nyama huja imekatwakatwa, na chumvi, ndimu, pilipili na kachumbari pembeni, pamoja na ugali au ndizi. Tofauti ni kwamba huku mbuzi ana heshima yake. Misitu ya miombo ya Tunduru ina mbung'o, na kwa miaka mingi ng'ombe walikuwa wachache.

Tofauti nyingine inahusu afya. Mjapani anaweza kula kipande ambacho ndani bado ni chekundu. Bakteria wa nyama nzima hukaa zaidi juu, na bamba la moto huwaua. Lakini hata huko mambo yaliharibika: mwaka 2011 watu watano walikufa kwa bakteria wa E. coli baada ya kula nyama mbichi ya ng'ombe, serikali ikakaza masharti, na Julai 2012 ikapiga marufuku kuuza maini mabichi ya ng'ombe mgahawani.

Kwetu kuna sababu ya ziada ya kuivisha nyama hadi ndani. Mayai na viluwiluwi vya minyoo havionekani kirahisi, na viluwiluwi vya tegu hujificha katikati ya msuli wa ng'ombe, ambako moto wa juu juu haufiki. Kwa hiyo mteja aangalie mambo mawili: muhuri wa mkaguzi kwenye nyama kabla haijakatwa, na rangi ya ndani baada ya kuchomwa. Ubao na kisu vilivyokatia nyama mbichi visiguse iliyoiva wala kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

Kisha kuna suala la kiasi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, World Cancer Research Fund, linashauri mtu asizidishe gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki, na mbuzi yumo katika hesabu hiyo. Nusu kilo ya mnofu mbichi ikiiva hubaki karibu gramu 350. Baba anayeimaliza peke yake jioni moja amekula fungu la wiki nzima.

Na mara nyingi ni baba. Banda la nyama limezoeleka kuwa baraza la wanaume, wakati nyumbani mama na watoto wanakula ugali kwa mboga za majani. Ruvuma ni moja ya mikoa inayolisha taifa kwa mahindi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa udumavu wa watoto mkoani humo uko juu ya wastani wa taifa, ambao ni asilimia 30. Ghala limejaa, ila sahani ya mtoto ina kitu kimoja.

Nyama ina madini ya chuma ambayo mwili huyapokea kwa urahisi kuliko yale ya mboga. Wanaoyahitaji zaidi ni mjamzito, mama aliyejifungua, na mtoto kuanzia miezi sita, ambaye nyama yake inapaswa kuiva vizuri na kusagwa au kukatwa ndogo sana. Ndimu na nyanya husaidia mwili kuyapata madini ya kwenye mboga; chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia.

Mizani ileile inaweza kurekebisha jambo hili bila kuongeza shilingi. Anayezoea kuagiza nusu aseme robo ichomwe, na robo nyingine ifungwe mbichi iende nyumbani kupikwa mchuzi. Robo kilo kwenye sufuria, ikiwa na nyanya na mchicha, inawatosha watoto wote waliopo.