Mnara wa Chuma wa Katuruka

Kusini ya mji wa Bukoba, upande wa Maruku, kiko kijiji kiitwacho Katuruka. Mgeni apitaye huko haoni ajabu yo yote: migomba, mibuni, nyumba zilizojificha kati ya mashamba, na vijia vilivyoshindiliwa na nyayo za vizazi vingi. Walakini ni vigumu kupata kijiji kingine katika nchi yote ya Buhaya kilicholeta mabishano mengi kama hicho. Nayo mabishano yenyewe hayakuishia Bukoba wala Muleba. Yalivuka bahari, yakaingia katika vyuo vikuu vya Marekani, na hata leo hayajakwisha.

Asili ya mambo hayo ni hadithi ya wazee. Walisema ya kuwa zamani, na kwa hesabu ya wataalamu ni katika karne ya 17, alitawala Kyamutwara mfalme jina lake Rugomora Mahe, nalo jumba lake lilikuwa Katuruka. Mfalme huyo alitamani kupanda hata mbinguni ayaone mambo ya huko. Basi akawakusanya wahunzi, akawaamuru wafue mnara wa chuma. Wahunzi wakafua mchana kutwa penye mti mkubwa, na mnara ukazidi kwenda juu; kisha ukaanguka. Mti ule ukaitwa Kaiija, maana yake ni mahali pa kufulia chuma, nao ukaheshimiwa sana na watu.

Mtu aliyesoma kitabu cha Mwanzo atakumbuka mara moja mnara wa Babeli, na huenda akasema kwamba wazee wameazima hadithi hiyo kwa wahubiri. Lakini mnara wa Babeli ulijengwa kwa matofali, nao mnara wa Rugomora Mahe ni wa chuma, tena wahunzi ndio waliotajwa na mahali pa kazi yao pakaonyeshwa kwa kidole. Hadithi isiyo na kitu nyuma yake haina haja ya kutaja mahali.

Mwaka 1969 alifika Mmarekani mmoja, Peter Schmidt, mtaalamu wa mambo ya kale. Yeye alitaka kujua kama maneno ya wazee yaweza kumwongoza mtu mpaka mahali panapofaa kuchimbwa. Wataalamu wengi wa siku zile hawakufanya hivyo. Waliangalia ardhi tu, na hadithi waliziacha kuwa mambo ya kuwafurahisha watoto jioni. Schmidt akaketi na wazee, akawasikiliza, akaonyeshwa Kaiija. Mwaka 1970 akachimba pale. Chini ya udongo akakuta mabaki ya kazi ya chuma: makaa, vipande vya mabomba ya udongo, na mavi ya chuma, yaani yale mabonge meusi yanayobaki mawe ya chuma yakiisha kuyeyushwa.

Hapo kila mtu angedhani kwamba ameipata karakana ya Rugomora Mahe. Makaa yakapelekwa kupimwa, na majibu yakaleta mshangao. Sehemu ya makaa yale ilikuwa ya yapata mwaka 500 kabla ya Kristo. Wakati huo Warumi, kwa hesabu yao wenyewe, ndio kwanza wamewafukuza wafalme wao. Kati ya moto ule na utawala wa Rugomora Mahe ilipita miaka zaidi ya elfu mbili!

Msomaji atauliza, makaa yawezaje kutaja umri wake? Kila mti ulio hai huvuta kaboni kutoka katika hewa, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni ya aina inayopungua yenyewe kidogo kidogo. Mti ukikatwa huacha kuvuta, na ile sehemu ndogo huendelea kupungua kwa mwendo usiobadilika, hata baada ya miaka yapata 5,700 hubaki nusu yake. Ajuaye kiasi kilichobaki aweza kuhesabu miaka iliyopita. Ni hesabu nzuri, lakini ina mlango wa kuingilia mabishano. Kipimo husema mti uliacha kuvuta hewa lini. Hakisemi moto uliwashwa lini. Moyo wa mti mkubwa umekufa zamani kuliko gome lake, na mtu aweza kuokota gogo la kale akalichoma makaa leo. Kwa hiyo wako wataalamu waliokataa ile miaka ya mbali sana, wakisema makaa ni ya kale kuliko kazi. Hawakukanusha kwamba kazi ni ya kale. Walichobishania ni ukale wa kiasi gani.

Habari ya pili ilipata sifa kubwa zaidi, na ilipata pia chumvi nyingi. Njia kuu ya kutoka Bukoba kwenda Muleba hupita Kemondo, penye bandari. Karibu na Kemondo, Schmidt na wenzake walichimba mahali pengine pawili, wakakuta mashimo ya matanuru ya karne za kwanza baada ya Kristo. Wakati huo wahunzi wa Buhaya walikuwa wamekwisha kuacha kuyeyusha mawe, kwa sababu majembe na vyuma vya Ulaya vilivyokuja kwa meli vilikuwa rahisi kununua, na kazi ya tanuru haikuwa na faida tena. Hata hivyo walikuwapo bado wazee wachache walioifanya kazi hiyo katika ujana wao. Mwaka 1976 wazee hao wakaombwa wajenge tanuru tena, wakakubali.

Kazi yenyewe yastahili kuelezwa taratibu. Kwanza walichimba shimo la mviringo, wakalikandika kwa udongo wa kichuguu. Hawakuchagua udongo wo wote waliouona: udongo wa mchwa haupasuki upesi kwa moto. Ndani ya shimo wakachoma matete ya bwawani, wakayashindilia mpaka shimo likajaa majivu meusi na mabua yaliyoungua nusu. Juu ya shimo wakajenga kuta kwa mabonge ya mavi ya chuma ya zamani, wakayaunganisha kwa udongo ule ule wa kichuguu, hata tanuru likafika kifuani pa mtu mzima. Kisha wakatia mabomba ya udongo manane, nayo hayakuishia ukutani, bali yaliingia ndani kabisa ya tanuru. Kila bomba lilikuwa na mivukuto yake, bakuli za mti zilizofunikwa kwa ngozi ya mbuzi. Mawe ya chuma yalikuwa yamekwisha kuokwa juu ya moto wa kuni. Moto ukawashwa, mawe na makaa yakamiminwa kwa juu, na wavuvia mivukuto wakafanya kazi kwa saa nyingi, wakiimba ili mikono isipotezane. Siku za kazi hiyo wahunzi wa zamani walikaa kambini mbali na wake zao, na chini ya tanuru walizika dawa zao. Katika mashimo ya kale ya Kemondo zilionekana tundu ndogo za namna hiyo hiyo chini ya matanuru. Desturi hiyo nayo ilikuwa imeishi muda mrefu.

Majaribio ya kwanza yaliwapa wazee shida. Kazi iliyolala nusu ya maisha ya mtu haiamki kwa siku moja. Lakini hawakuacha, na mwishowe walipovunja tanuru walikuta chini yake bonge la chuma, na ndani ya bonge hilo vilikuwamo vipande vya chuma cha pua, kile kigumu chenye kaboni ambacho huwa na makali yasiyopinda. Pamoja na Schmidt alikuwapo Donald Avery, mtaalamu wa madini. Walitia vyombo vya kupimia ndani ya tanuru, wakasema kwamba mbele ya midomo ya mabomba joto lilipita digirii 1,800. Sababu waliyotoa ni hii: mabomba yalikuwa ndani ya moto, basi hewa ilipopita humo ilipata joto kabla ya kuyafikia makaa, na hewa yenye joto huwasha makaa kwa nguvu kuliko hewa baridi.

Mwezi wa Septemba mwaka 1978 habari hiyo ikachapishwa katika gazeti kubwa la wataalamu huko Marekani, na mara magazeti ya watu wote yakaidaka. Yakaandika kwamba Waafrika waliokaa kando ya Ziwa Viktoria walitengeneza chuma cha pua miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, kwa njia ambayo Ulaya haikuipata mpaka karne ya 19. Jambo la karne ya 19 lina msingi wake: James Beaumont Neilson, mtu wa Scotland, alipata hati ya haki ya kutumia hewa ya moto katika matanuru mwaka 1828.

Habari njema ikipita midomo mingi huongezewa. Baada ya miaka michache wako waliosema kwamba Wahaya ndio watu wa kwanza duniani kutengeneza chuma cha pua. Hilo si kweli, wala Schmidt na Avery hawakulisema. Wahindi walikuwa na chuma cha pua chenye sifa kabla ya Kristo, na wahunzi wa Ulaya nao walikipata katika matanuru yao madogo, ingawa mara nyingi kwa bahati. Kilichodaiwa kuwa cha pekee ni hewa iliyopashwa moto. Na hata hicho hakikuachwa bila kupingwa. Mwaka 1986 J. E. Rehder, mtaalamu wa Kanada, aliandika kwamba hewa hupita upesi mno katika bomba fupi, haiwezi kupata joto kubwa. Avery na Schmidt wakamjibu kwamba wao walipima tanuru linalowaka, yeye alipima kwa kalamu. Mwaka 1996 David Killick naye akaonya kwamba watu wamezisifu kazi hizi kwa mambo yasiyothibitika. Hakuna katika hao aliyekana ya kuwa wazee wa Buhaya walitoa chuma kizuri katika mawe kwa udongo, matete na ngozi ya mbuzi. Swali lao ni kwa sababu gani walifaulu.

Lakini kwa wenyeji wenyewe, swali kubwa ni lile la Kaiija. Wazee walijuaje? Walisema hapa palikuwa na kazi ya chuma, na chuma kikaonekana. Wengine hujibu kwamba hakuna siri: watu wa Katuruka wamekuwa wakilima mahali pale kwa karne nyingi, majembe yao yakagonga mavi ya chuma, nao wakatunga hadithi ya kuyaeleza, kisha wakaitundika kwa mfalme mwenye jina kubwa. Jibu hilo lina akili, na mtu asilidharau. Schmidt alijibu kwa njia nyingine. Kabla ya wafalme wa ukoo wa Wahinda kuja, zilikuwapo koo za wenyeji, na katika hizo walikuwamo wahunzi. Hao ndio waliotunza mahali patakatifu pa chuma, wakapokezana habari zake. Mfalme mgeni alipotaka kukubaliwa na watu, alijenga jumba lake papo hapo, akajitia katika hadithi yao. Ndiyo sababu jina la mfalme ni la karne ya 17, na moto ni wa zamani zaidi.

Jambo moja hulipa nguvu jibu hili. Wafalme wa pande hizi walishikamana sana na uhunzi. Huko Karagwe, alikofika Speke mwaka 1861 akapokewa na Rumanika, vilitunzwa nyundo za chuma na ng'ombe wadogo wa chuma kuwa alama za ufalme. Mfalme asiye mhunzi alitaka aonekane kuwa mhunzi. Hata hivyo hilo haliwanyamazishi wabishi, kwa maana kupenda nyundo si sawa na kukumbuka miaka elfu mbili.

Kama wazee wale wangaliishi, huenda wangaliulizwa tena, kwa maswali mapya. Lakini mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, na katika miaka iliyofuata nyumba nyingi za Bukoba na Muleba zilifiwa na wazazi. Mtu aliyepaswa kupokea habari kwa babu na kumpa mjukuu hakuwapo. Wahunzi walioijenga ile tanuru mwaka 1976 walikuwa wazee siku ile ile, na mikono yao sasa yaonekana katika filamu tu. Baadaye watu wa Katuruka waliamua wenyewe kukusanya habari zilizobaki, wakawahoji wazee wao, wakajenga upya nyumba za jumba la Rugomora Mahe kwa miti na majani, ili wageni na watoto waonyeshwe mahali pa Kaiija.

Na kule Kemondo, mkulima achimbapo shimo la mgomba, mara nyingine jembe lake hugonga kitu kizito, cheusi, chenye matundu. Hukifuta udongo, hukigeuza mkononi, kisha hukitupa kando ya shamba, penye rundo la vingine vya namna ile.