Taimingi ya Dizeli: Kazi ya Fundi wa Kitui na Makueni

Kazi iliyochukua sehemu kubwa ya maisha ya mwandishi wa tawasifu hii, kwanza mjini Kitui na baadaye Wote na Emali, ilikuwa kurekebisha taimingi ya injini za dizeli, yaani kupanga wakati ambao mafuta huingia katika silinda na kuwaka. Injini hizo hazina plagi za kutoa cheche. Hewa hubanwa mpaka ipate joto la kuyawasha mafuta, na kati ya kunyunyizwa na kuwaka hupita muda mfupi uitwao uchelewa wa kuwaka. Kranki ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, milisekunde moja ya uchelewa ni takriban nyuzi 11 za mzunguko, nazo zatosha kuifanya injini igonge au ikose nguvu.

Katika pampu za zamani, vali ya juu ilitolewa, kibomba kilichopinda kikafungwa mahali pake, na kranki ikazungushwa kwa mkono, polepole, hadi mtiririko wa dizeli ukawa matone na tone likakatika. Hapo ndipo alama ilipokaguliwa, na pampu, nati zake zikiwa zimelegezwa, ikasogezwa kwa upana wa ukucha. Alama hiyo ilionyesha mwanzo wa kunyunyiza tu. Kuwaka kwenyewe kulikuwa kazi ya sikio.

Kompyuta za injini zimelirithi sikio hilo. Kwa kuwa haziwezi kukokotoa kemia yote ya silinda kabla pistoni haijafika juu, hupewa modeli, yaani hesabu iliyofupishwa: athari za shinikizo na joto hujumlishwa hatua kwa hatua, na jumla ikifika moja mafuta huhesabiwa kuwa yamewaka, njia iliyoanzia kwa Livengood na Wu mwaka 1955.

Lori linalopanda kutoka Mombasa kupitia Mtito Andei na Emali hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hukuta hewa nyepesi inayorefusha uchelewa, na vihisio huitambua. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta taa, ambayo kwa kawaida huchelewa zaidi kuwaka, haina kihisio chake katika malori mengi, na hapo, kwa maoni ya mwandishi, modeli hudanganyika zaidi kuliko fundi mzee. Tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa iliwekwa mwaka 2018 kuzuia uchakachuaji huo. Fundi kijana anayeletewa lori lililoanza kugonga baada ya kujazwa tangi, basi, na aanze kwa kukagua mafuta kabla ya kuigusa kompyuta.