Sanduku la Kijiji Kizima

Miaka ya sabini nilifundisha katika shule ya msingi iliyo juu ya Njoro, kwenye barabara inayopanda kwenda Mau Narok. Shule ilikuwa na sanduku la posta. Familia nyingi za Likia na Mauche hazikuwa nalo, kwa hiyo barua zao ziliandikiwa sanduku letu. Ijumaa jioni nilishuka Njoro na ufunguo mfukoni, nikarudi na furushi. Jumatatu asubuhi nilisoma majina kwenye paredi, na watoto wakazipeleka nyumbani zikiwa katikati ya vitabu vyao vya hesabu.

Ugumu ulikuwa kwenye majina. Tulikuwa na Kamau Njoroge watatu na Kiprono wawili. Basi niliangalia muhuri. Ikiwa barua ilitoka Mombasa, ni ya yule mwenye mwana kwenye reli. Ikitoka Kericho, ni ya yule ambaye binti yake anachuma chai. Nikikwama niliuliza akina mama sokoni. Barua haikutupwa kwa sababu mimi sikuielewa. Ilingoja kwenye rafu ya ofisi, na moja naikumbuka ilingoja kuanzia Machi hadi shule zilipofungwa Agosti, mwenyewe akapatikana Elburgon.

Barua za ovyo zilikuwapo hata wakati huo. Zile za mnyororo zilitufikia: nakili mara ishirini uwatumie wenzako, usipofanya hivyo mkosi utakupata. Ila aliyetaka kututisha ilimbidi akae chini, aandike kwa mkono, anunue stempu ishirini. Wengi walichoka kabla ya kumaliza. Stempu ilikuwa chujio letu, nasi hatukujua.

Tarehe 3 Mei 1978, miezi mitatu na ushei kabla Mzee Kenyatta hajafariki, Gary Thuerk, afisa wa mauzo wa kampuni ya Digital Equipment Corporation huko Marekani, alituma tangazo moja la kompyuta kwa watu takriban 400 kwa mpigo, kupitia mtandao wa ARPANET. Wapokeaji walikasirika. Hakuna stempu iliyolambwa. Tangu hapo kumwandikia mtu mmoja na kuwaandikia milioni moja kumekuwa karibu gharama ileile, na kazi ya kuchambua imemwangukia anayepokea. Wajukuu wangu wamezaliwa na kuikuta kazi hiyo ikiwangoja.

Nasikia wazee wenzangu mjini Nakuru wakisema vijana wa leo hawaamini mtu, ukiwapigia kwa namba ngeni hawashiki simu. Mimi siwalaumu. Wengi wao walikuwa watoto M-Pesa ilipoanza Machi 2007, na haukupita muda simu za wazazi wao zikaanza kupokea maneno ambayo kila Mkenya anayajua: ile pesa tuma kwa hii namba. Januari 2008, Nakuru ilipokuwa ikiungua kwa ghasia za baada ya uchaguzi, ujumbe wa chuki ulipita kutoka simu hadi simu, majirani wakahamana. Walipomaliza masomo wakakutana na kazi hewa za ughaibuni, tuma kwanza ada ya usajili, tuma ya daktari. Mtoto aliyelelewa hivyo ana haki ya kuwa na shaka. Shaka hiyo imemwokolea pesa.

Ninalolililia ni kwamba shaka hiyo wameikabidhi mashine, kisha wakaondoka.

Mjukuu wangu alihitimu akakaa mwaka mzima akituma maombi. Siku moja nilimwuliza kama amewahi kufungua ile folda ya barua taka kwenye barua pepe yake. "Guka, huko ni matapeli tu," akaniambia. Nikamwomba afungue, mimi nikiwa nimekaa kando yake. Kulikuwa na ushindi wa bahati nasibu ambayo hakuicheza, mkopo ambao hakuuomba, na katikati ya uchafu huo, barua ya kumwita kwenye usaili. Ilikuwa imekaa siku 19. Tarehe ya usaili ilishapita. Aliandika kuomba radhi, akajibiwa kwa upole kwamba nafasi imejazwa. Hakulia mbele yangu. Alikwenda nje akakaa na ng'ombe.

Tangu jioni ile nimeulizia sana jinsi chujio la barua pepe linavyofanya kazi. Halijui mwana wa nani yuko kwenye reli. Linahesabu. Mwaka 2002 mwanaprogramu Paul Graham alieleza njia iliyoenea sana: chukua barua ambazo mwenyewe amezikataa na zile alizozipokea, hesabu kila neno linatokea mara ngapi upande gani, kisha barua mpya ipimwe kwa uwezekano unaotokana na hesabu hiyo. Siku hizi huangalia pia sifa za mtumaji, na kama anwani yake imethibitishwa. Tangu Februari 2024 Google inawadai uthibitisho huo wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda anwani za Gmail. Sasa fikiria ofisi ndogo ya mjini ambayo haijaandikia watu kwa miezi, halafu siku moja inawaita waombaji mia tatu kwa barua moja yenye herufi kubwa, neno PONGEZI na viungo vitatu. Kwa chujio, ofisi hiyo ina sura ya tapeli.

Wala chujio halina rafu yangu ya kungojea. Gmail hufuta kilicho kwenye folda hiyo baada ya siku 30. Barua ya mjukuu wangu ilikuwa imebakiwa na siku 11.

Lakini chujio hufundishika, na mwalimu wake ni mwenye sanduku. Ukibonyeza kwamba barua hii si taka, inarudi kwenye kikasha na mashine inajifunza. Ukimweka mtumaji kwenye orodha ya watu unaowajua, itamtambua kesho. Ukikuta ya tapeli kwenye kikasha, iripoti. Ukiifuta kimya kimya, mashine haitajifunza lolote. Ukimaliza kutuma ombi la kazi, andika mahali siku uliyotuma, uende ukaangalie kule kwenye taka mara moja kwa wiki. Angalia anwani ya mtumaji kabla ya kugusa kiungo chochote. Ukikuta mwito, tafuta namba ya ofisi hiyo kwingineko, si ile iliyo ndani ya barua, upige uulize. Kule Njoro hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, nami niliifanya kwa niaba ya watu waliokuwa hawajui kusoma. Ninyi mnasoma kutushinda.

Kwa wanaoajiri nina ombi pia. Mkimwita kijana na asijibu, mpigieni simu. Namba yake iko kwenye ombi alilowaletea.

Mjukuu wangu bado anatafuta. Kila Jumamosi, akishamaliza kukamua, hukaa kibarazani na kufungua ile folda mstari kwa mstari. Nanyi mlioko Kaptembwo, Molo, Gilgil na Njoro, mlio na ombi lililotumwa mwezi huu, ifungueni yenu leo kabla hamjalala.