Usizungushe kamba mkononi, iwe ya tiara, ya ng'ombe au ya mzigo



Upepo umeanza, na hapa Majengo watoto wanarusha tiara kila jioni. Wewe unatazama juu, mimi natazama mikono yao. Mtoto anazungusha uzi wa nailoni kwenye kidole ili tiara isimponyoke. Upepo ukivuta ghafla, uzi unakaza na kukata nyama kama wembe.

Sisi wakubwa tunafanya hivyo hivyo. Mama mmoja mfugaji huku mlimani alikuwa akimpeleka ng'ombe wake kwa dume, kamba ya manila ameizungusha mkononi mara mbili. Pikipiki ikapita, ng'ombe akashtuka na kukimbia. Mama alipoteza kidole. Leo hawezi kukamua, na sehemu ya fedha ya maziwa inakwenda kwa kijana anayemkamulia.

Kamba iliyozungushwa mkononi hujikaza yenyewe kila inapovutwa, hivyo huwezi kuiachia. Ikiteleza kwa kasi, inachoma ngozi kama moto. India, ambako kurusha tiara ni sherehe kubwa, nyuzi zilizopakwa unga wa kioo zimekata watu hadi shingoni. Mwaka 2017 mahakama ya mazingira ya nchi hiyo ilipiga marufuku nyuzi za nailoni za tiara.

Jinsi ya kujikinga

1. Mtoto azungushe uzi kwenye kijiti au chupa tupu ya plastiki, ashike hicho. Uzi wa pamba ni bora kuliko nailoni, kwa sababu hukatika upesi.
2. Kamba ya mnyama ikunje mikunjo na kuishika kiganjani. Akikurupuka, fungua mkono, aende. Ng'ombe utamfuata, kidole hakirudi.
3. Unapokaza kamba ya mzigo, ifunge kwenye kijiti kifupi uvute kijiti.
4. Vua pete kabla ya kazi.

Ukiumia

Kidonda kikivuja damu, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunua, mkono ukiwa juu. Damu ikikata, osha kwa maji safi mengi na sabuni, kisha funga. Kama ngozi imeungua kwa kamba, imwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Pete ikiwa bado kidoleni, ivue kabla mkono haujavimba. Usipake majivu, mafuta ya taa, dawa ya meno wala kinyesi cha ng'ombe.

Nenda zahanati au hospitali mara moja ukiona kidole hakikunjiki au hakinyooki, kina ganzi, kimepauka au kuwa cha bluu, au damu haikati. Huenda mshipa wa kukunja kidole umekatika, na kuchelewa kunaweza kukuachia kidole kisichofanya kazi. Baadaye ukiona usaha, uvimbe unaoongezeka au homa, rudi haraka.

Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda, hata kama kidonda ni kidogo. Vijidudu vyake huishi kwenye udongo na samadi, na mfugaji anashika vyote viwili kila siku.

Leo jioni, kabla hujamfungua mnyama, angalia kamba imekaaje mkononi mwako. Kisha mkabidhi mtoto wako kijiti cha kuzungushia uzi.