Hana Cheti, Hana Shauri

Mwanamke wa Kitwa afiwapo na mumewe huko Gatete, katika tarafa ya Rumonge kando ya Ziwa Tanganyika, msiba wake haumaliziki makaburini. Shemeji huja kulipima shamba kwa hatua, na michikichi aliyoipalilia na marehemu ikahesabiwa kuwa mali ya ukoo. Aende wapi?

Zamani mashauri ya kila kilima yaliamuliwa na Bashingantahe, wazee wa haki wa Burundi. Kwa desturi Mtwa hakutawazwa kuwa mmoja wao, wala mwanamke hakutawazwa kwa nafsi yake. Mama huyo alifungiwa mlango mara mbili.

Siku hizi iko mahakama, lakini karani huanza na swali moja: "Mama, cheti cha ndoa kiko wapi?" Hana. Aliolewa kwa mila, kwa pombe na baraka za wazee. Mwaka 2017 Serikali iliwaamuru wote waishio pamoja bila kuandikishwa wahalalishe ndoa zao kabla ya mwaka kwisha, lakini mume aliyekwisha kufa haandikishwi. Na hata angekuwa na cheti, Burundi haijatunga sheria ya urithi wa ardhi. Hakimu hurejea kwenye mila, na mila humtazama mwana wa kiume. Nauli ya kurudi mahakamani kila kesi iahirishwapo hutoka kwenye vyungu vyake, ambavyo sufuria na ndoo za plastiki zimekwisha kuvifukuza sokoni.

Tena shamba lenyewe mara nyingi halikuwa na hati. Watwa wengi waliishi kwa ubugererwa, yaani kumtumikia mwenye ardhi ili wapate pa kulala. Utumwa huo, maana jina jingine halifai, ulifutwa kisheria mwaka 1977.

Yako yaliyofanyika. Katiba ya mwaka 2005 iliwatengea Watwa viti 3 katika Bunge na 3 katika Seneti. Mwaka 2020 Imelde Sabushimike, mwanamke wa Kitwa, aliteuliwa kuwa waziri wa haki za binadamu na jinsia. Sheria ya Septemba 2016 nayo inaadhibu ukatili dhidi ya wanawake, na mjane aliyepigwa ili ahame shambani aweza kuanzia kituo cha polisi. Huko alama za fimbo haziulizwi cheti cho chote. Askari wa zamu akifungua daftari na kumwuliza jina lake, si la mumewe, huenda ikawa ndiyo mara ya kwanza jina hilo kuandikwa katika kitabu cha Serikali.